Karatasi ya misikiti kumi na minne

SWALI: Nautaka u-MCA (udiwani wa bunge la kaunti) hapa Kisauni, Mombasa, 2027. Kuna mzee ananishauri tuachane na vyama vikubwa, tufufue chama cha Waislamu kama IPK (Islamic Party of Kenya) ya kina Sheikh Khalid Balala, ya miaka ya tisini. Anasema ana misikiti kumi na minne mkononi, na anajua kila msikiti una kura ngapi. Ameshaomba "nauli". Chama kitaandikishwa? Na hesabu zake ni za kweli?

JIBU: Hakitaandikishwa. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini.

Hiyo karatasi ya misikiti ndiyo inayonichosha. Kila msimu wa uchaguzi naletewa moja: jina la msikiti kushoto, kura kulia, 400, 600, 300, zote namba zinazoishia kwa sufuri. Mwenzako mmoja aliniletea ya makanisa. Muulize mzee wako alizihesabu vipi. Kituo cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700, na foleni hupangwa kwa herufi za majina, si kwa safu za swala. Waliosali pamoja Ijumaa wanapiga kura vyumba mbalimbali, kwa siri. Kura za msikiti haziwezi kuonekana popote, hata matokeo yakishabandikwa ukutani.

Na IPK yenyewe anaikumbuka nusu. Ilikataliwa usajili 1992, ikawapigia debe wagombea wa chama cha upinzani cha FORD-Kenya, na kweli viti vya ubunge vya Kisauni na Likoni vikapatikana. Lakini Mvita, penye Mji wa Kale na misikiti yake, Shariff Nassir wa KANU, chama tawala wakati huo, alibaki na kiti (malalamiko ya wizi yalikuwepo, sikatai). Nassir naye Mwislamu! Hapo dini ilikuwa imsaidie nani? Watu walikuwa na uchungu wa ardhi, wa kazi za bandarini, wa kuzungushwa kupata kitambulisho na pasipoti. IPK iliukuta uchungu huo barabarani, haikuutoa mimbarini. Mwaka uliofuata likaibuka kundi la kuipinga IPK, United Muslims of Africa, na Waislamu wakagonganishwa, weusi upande huu, wenye asili ya Kiarabu upande ule. Kufika 1997, Kisauni hiyohiyo ikamchagua Emmanuel Karisa Maitha wa chama cha DP. Lisome tena jina hilo: Emmanuel si jina la msikitini.

Madalali hawa wana shekhe, wana askofu, wana wazee wa kaya za Wamijikenda, kutegemea nani ana pesa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkamata mtoa hongo na mpokeaji, na kumtishia mpiga kura kwa madhara ya kiroho ni kosa pia. Nimemwona mgombea akiuza ploti ya mkewe kwa ahadi kama hizi. Alipata kura mia na kitu.

Nauli ya mzee wanunulie chakula na tochi mawakala wako wa vituoni. Kuhesabu huingia usiku, na wale niliowaona wakiondoka kabla ya fomu ya matokeo kutiwa sahihi waliondolewa na njaa.