Helikopta ya rimoti ya 450 inatetemeka na hainyanyuki Mbeya: kabla hujanunua mota kubwa, soma hii

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Umenunua helikopta ya rimoti ya saizi ya 450 (namba ya saizi tu, mashine ndogo ya umeme) iliyotumika, jamaa karudi nayo kutoka Muscat. Ni ya umeme, betri ya seli tatu, kichwa chake bado kina flaiba, ule mhimili mwembamba wenye vipadeli viwili juu ya rota. Kule iliruka vizuri. Kwako Mbeya inatetemeka mpaka miguu inacheza juu ya saruji, mkia unayumba kushoto kulia, na mpaka usukume stiki karibu ya mwisho ndipo inaachia ardhi kwa taabu. Sasa unataka kung'oa flaiba, kufunga mota kubwa na kuhamia betri ya seli nne, vyote wikiendi moja.

Nakuomba usifanye hivyo. Hapo una matatizo mawili yasiyohusiana. Kushindwa kunyanyuka kunatokana na hewa ya huko uliko. Mtetemo unatokana na kitu kilichopinda, kilicholegea au kisicho na mizani. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia, na mtetemo utauhamishia kwenye vifaa vipya. Nasema hivi kwa sababu nilirusha 450 Dar kwa miaka kadhaa, kisha kazi ikanihamishia huko Mbeya nikaenda na mashine ileile.

Tuanze na hewa, maana ndiyo sehemu ambayo video nyingi za mtandaoni hazikuambii. Muscat iko usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu yake. Hata ukihesabu joto la Muscat linalopunguza uzito wa hewa, hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya kule kwa karibu asilimia 15. Panga likikata hewa nyepesi kwa kasi ileile na pembe ileile, linatoa nguvu ya kunyanyua pungufu kwa asilimia hiyohiyo. Una njia mbili za kuirudisha: uongeze pembe ya mapanga, au uongeze mizunguko. Pembe ina kikomo, ukiipandisha sana mota inalemewa, kasi inashuka na mkia unapoteza nguvu. Mizunguko ndiyo dawa nzuri zaidi, kwa sababu nguvu ya kunyanyua inakwenda na kipeo cha pili cha kasi. Kufidia asilimia 15 unahitaji nyongeza ya asilimia 8 tu hivi.

Sasa angalia hili. Kwenye 450 nyingi gia kubwa ina meno 150. Hesabu meno ya pinioni iliyo kwenye shafti ya mota. Ukikuta 12, weka ya 13. Kumi na mbili kwenda kumi na tatu ni ongezeko la asilimia 8 na kidogo. Pinioni moja ya bei ndogo inakurudishia karibu kila ulichopoteza kwa kupanda mlima, na mota, betri na kidhibiti kasi (kifaa kinachoipimia mota umeme wa betri) vinabaki vilevile. Ukiifunga, kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota ibane karatasi, kaza bolti, kisha zungusha gia mpaka karatasi itoke. Ikitoka imekunjwakunjwa bila kuchanika, nafasi ya meno iko sawa. Baada ya dakika mbili za kuruka, tua ushike mota. Kama kidole hakivumilii, punguza pembe kidogo. Kumbuka hewa nyepesi inapoza mota vibaya pia.

Kuhusu seli nne, nitasema wazi. Mota ya kawaida ya mashine hii ni ya 3500kv, yaani mizunguko 3,500 kwa kila volti ikiwa haina mzigo. Kwa volti 11.1 za seli tatu na pinioni ya 12, rota inazunguka kama mara 2,600 kwa dakika ikiwa na mzigo. Kwa volti 14.8 mota hiyohiyo inakupeleka karibu 3,500. Nguvu inayovuta panga kwenda nje nayo inakwenda na kipeo cha pili, kwa hiyo inapanda kwa karibu asilimia 80. Panga la gramu 25 tu, kwa mizunguko 2,700, linavuta kishikio chake kwa nguvu ya karibu kilo 40. Fikiria asilimia 80 juu ya hapo, kwenye kichwa kilichotumika ambacho historia yake huijui. Na ncha ya panga, hata kwa kasi ya kawaida, inakimbia kama kilomita 350 kwa saa. Septemba 2013 kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe kwenye bustani ya umma kule Brooklyn, New York. Yake ilikuwa kubwa kuliko yako, ila 450 nayo inaweza kukata mtu vibaya sana. Seli nne ziache mpaka uwe na mota ya kv ndogo, mapanga yaliyoandikiwa kasi hiyo na kidhibiti kasi kinachokubali volti hizo.

Sasa mtetemo, na hapa ndipo kwenye kazi yenyewe.

Toa mapanga makubwa na mapanga ya mkia. Washa mota polepole. Ikitetemeka bila panga lolote, ugonjwa uko kwenye mota, gia, beringi au shafti kuu. Ikitulia, zima, rudisha mapanga ya mkia peke yake, jaribu tena. Ikitulia bado, basi kosa liko kwenye kichwa au kwenye mapanga makubwa. Kwa mashine iliyotumika, mimi dau langu naliweka kwenye shafti mbili: ile kuu ya milimita 5, na ile nyembamba inayopita kichwani kushika vishikio vya mapanga. Zote hupinda kwa ajali ndogo ambayo muuzaji haoni haja ya kuitaja. Zichomoe, uziviringishe moja moja juu ya kioo cha dirisha, jicho likiwa usawa wa kioo. Ukiona mwanga unafunguka na kufunga chini ya shafti inapoviringika, imepinda. Usiinyooshe kwa nyundo. Tupa, weka mpya. Kila ukiagiza vipuri, agiza shafti hizo zaidi ya moja, pamoja na gia kubwa.

Ukiwa umeshafungua vishikio, angalia beringi za msukumo zilizomo ndani. Zina pete mbili, na matundu yake hayalingani, moja ni kubwa kidogo. Yenye tundu kubwa inakaa upande wa kichwa, yenye tundu dogo inakaa nje upande wa ncha ya panga. Zikipishana, kishikio kinakuwa kizito kugeuka kikishavutwa na mapanga, na helikopta inakuwa ngumu kuitawala hata kama mezani ilionekana laini. Paka grisi, kisha kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma iwekee tone la gundi ya nyuzi, ile ya bluu. Kwenye plastiki usiweke, inailegeza.

Mapanga nayo yapime. Mizani ndogo ya sonara inatosha. Yakipishana uzito, bandika kipande cha selotepu kwenye lile jepesi, ila kwanza tafuta kila moja linasimama sawa wapi ukililaza juu ya ukingo mwembamba, maana uzito sawa na kitovu tofauti bado vinatetemesha. Halafu bandika tepu nyekundu kwenye ncha ya panga moja, zungusha rota, simama mbali, muombe mtu mwingine aangalie kwa ubavu, naye pia akiwa mbali. Mkiona duara mbili badala ya moja, fupisha linki (kijiti kinachoshika pembe) ya panga linalopita juu kwa mzunguko mmoja, mjaribu tena.

Mkia ushughulikie mwisho, kwa sababu mara nyingi unatulia wenyewe mtetemo ukiisha. Jairo ya mkia, kihisi kinachohisi mkia ukigeuka na kuurudisha, inasoma mtetemo kama mzunguko na inajibu kisichokuwepo. Ukibaki kuyumba, punguza nguvu ya jairo hatua kwa hatua, kisha kagua slaida ya mkia (kile kipande kinachoteleza kwenye shafti kubadilisha pembe ya mapanga ya mkia) kama inateleza bila kukwama na bila kulegea. Kama mkia wako ni wa mkanda, ukaze kiasi tu. Mbeya wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na mkanda ukisuguana unazalisha umeme tuli unaoweza kuvuruga risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Unga kidogo wa grafaiti kwenye mkanda unasaidia.

Kuhusu flaiba, nakuelewa kabisa kwa nini unataka kuiondoa. Kichwa kinakuwa chepesi, sehemu za kuvunjika zinapungua, na helikopta inakaa mahali ulipoiweka. Lakini flaiba haikuwekwa kama pambo. Ni mchanganyiko wa mawazo mawili ya miaka ya 1940 kutoka helikopta halisi za Bell na za Hiller, na kazi yake ni kutuliza rota kabla rubani hajawahi. Mjerumani Dieter Schlüter na wenzake walioanza kurusha helikopta za rimoti karibu na mwaka 1970 wasingefika popote bila kitu kama hicho. Ukiing'oa, kazi yake lazima ifanywe na kisanduku chenye jairo tatu, na sevo zako (vimota vidogo vinavyosogeza pembe za mapanga) ndizo zitakazobeba mzigo uliokuwa unabebwa na vipadeli. Sevo za zamani zilizochoka meno hazitaweza. Kwa hiyo hesabu gharama ya kisanduku, kichwa kipya na pengine sevo tatu.

Siku ukifika huko, kabla ya kuunganisha lolote chomoa nyaya za mota. Weka mikono ya sevo nyuzi 90 kwa linki zake stiki ikiwa katikati, swashpleti (sahani chini ya kichwa inayopeleka amri za sevo kwenye mapanga) iwe sawa pande zote, pembe ya mapanga iwe sifuri kwa kipima pembe. Kisha fanya jaribio hili ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: inua helikopta mkononi, iinamishe pua chini haraka, uangalie swashpleti. Inatakiwa ilale nyuma, kana kwamba inakataa kuinama. Ilaze kulia, swashpleti ilale kushoto. Ikikufuata badala ya kukupinga, umeweka mwelekeo wa jairo kinyume, na mashine itajipindua sekunde ileile inapoachia ardhi. Rudia jaribio hilo kila ukigusa mipangilio, hata kama umebadilisha kitu kidogo.

Betri kwa ufupi. Chaji kwa ampea 2.2 kama ni ya mAh 2,200, kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya saruji, na usiondoke hapo. Tua ikiwa imebaki asilimia 20. Kama huruki siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Iliyovimba usiihurumie. Na kama ndugu atakuletea nyingine kutoka Oman, ya saizi hiyo ni kama wati-saa 24, chini ya kikomo cha 100 cha mashirika ya ndege, ila aibebe kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Anga yetu ni ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa hiyo waulize taratibu za sasa kabla hujatafuta uwanja, na kaa mbali kabisa na njia za ndege. Ruka asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenye eneo ambalo watoto hawakatizi. Watoto watakuja, hilo halikwepeki, basi awepo mtu mzima wa kuwazuia. Kupanda kwa mara ya kwanza usiing'ang'anize usawa wa goti. Hapo hewa inayosukumwa chini inarudi na kuisumbua. Ipandishe taratibu hadi usawa wa macho, mkia ukikuelekea, ukiwa umesimama hatua nyingi nyuma yake. Kugeuza ubavu na pua zifanyie kwanza kwenye simuleta ya kompyuta, jioni baada ya jioni, mpaka vidole vikatae kuuliza.

Fanya kioo na karatasi kwanza. Halafu andika hapa idadi ya meno ya pinioni uliyoikuta, pembe ya mapanga stiki ikiwa chini, katikati na juu, na mtetemo ulitulia ulipotoa kipi. Nikipata hizo namba nitakuambia kama hiyo pinioni ya 13 inakutosha.