Nairobi hadi New York: kilomita na saa

Ni karibu kilomita 11,850 kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ukienda moja kwa moja. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14. Ukisikia mtu akitaja saa 20 na zaidi, hizo ni za safari ya kuunganisha, kwa mfano kupitia Dubai au Amsterdam, maana unahesabu na kungoja uwanjani.

Tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo. Juu ya Atlantiki, kwenye kimo cha ndege, upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukienda Marekani unakupinga, ukirudi unakusukuma. Mimi nilirudi Desemba, na ile ramani ya kwenye kiti ilionyesha upepo wa nyuma karibu njia nzima ya baharini.

Kenya Airways ilianza safari hii Oktoba 2018 kwa ndege ya Boeing 787 Dreamliner. Ila usichanganye muda wa safari na saa za tiketi: ukiondoka saa sita usiku unafika asubuhi ileile, kwa sababu New York iko nyuma yetu saa 7, au 8 wakati wa baridi.