Unauza nyumba Mtwara? Anza na paa na karatasi, marumaru muachie mnunuzi

Msimu wa korosho ukikaribia, ndugu na majirani wenye nyumba za kuuza huniuliza swali lilelile: nipige marumaru kwanza, au niiuze hivyohivyo? Nimesimamia uuzaji wa nyumba ya familia yetu pale Chikongola, kisha nikamsaidia mama mdogo kuuza yake Magomeni, na jibu langu halijabadilika. Rekebisha kinachomtia mnunuzi hofu. Kinachohusu ladha yake usikiguse.

Hofu ya mnunuzi wa huku inaanzia juu. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, misumari inaoza kabla bati lenyewe halijachoka, kitundu kinabaki wazi, na mvua za Desemba zinapenya taratibu hadi kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Mzee mmoja aliyekuja kuitazama nyumba ya Chikongola hakujali sebule hata kidogo. Alipitiliza hadi chumba cha nyuma, akasimama chini ya alama ya kahawia iliyokuwa kwenye dari, akaomba ngazi. Alipofika juu alitoa ufunguo mfukoni, akawa anachokoa mbao moja baada ya nyingine kutafuta mchwa. Hakumpata, kwa sababu mbao zilizoliwa tulikwishazibadilisha na nyingine tukazipiga dawa. Aliposhuka akasema, "Mwanangu, hii dari nitaitoa, nitapiga ya kwangu. Nionyeshe karatasi za kiwanja."

Fundi alikuwa ametushauri tupige dari ya jipsamu nyumba nzima. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini piga hesabu: chukulia nyumba ilivyo inapata milioni 40, halafu jipsamu, marumaru na madirisha ya alumini vikale milioni 9. Mnunuzi akikuongezea milioni 5, wewe umemchangia nne za kuishi kwa raha. Na huenda rangi ya marumaru uliyoichagua kwa moyo wote yeye haitaki.

Pale tu ambapo nyumba itanunuliwa ili ipangishwe, hasa ikiwa karibu na chuo au hospitali, ndipo ninapolegeza msimamo. Mnunuzi wa namna hiyo anataka mpangaji aingie mwezi ujao, kwa hiyo bafu safi na nyaya za umeme zilizokaa vizuri zinarudisha pesa.

Kuta za chini nazo zina mambo. Ukiona rangi inabanduka na unga mweupe unatoka, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu. Usipake rangi juu yake! Mvua moja tu inaitoa, na mnunuzi akigundua umeficha hilo ataanza kushuku hata yaliyo mazima. Kwangua plasta mbovu, acha ukuta ukauke sawasawa, ndipo upige upya. Kama muda hautoshi, uache kama ulivyo na umwambie ukweli. Shimo la choo likijaa lifyonzwe, na deni la maji lilipwe.

Sasa karatasi, ambazo kwa maoni yangu ndizo ukarabati wenye faida kubwa kuliko wote. Ikiwa hati au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja) bado ina jina la marehemu, anzeni na mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, kabla hata ya kununua ndoo ya rangi. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza, kwa hiyo mume asijifanye muuzaji peke yake. Na kwetu huku, mjomba asiposhirikishwa mapema anaweza kutokea siku ya kusaini na neno moja likaharibu biashara. Nendeni mkakae naye, mumsikilize.

Chochote utakachotengeneza, dai risiti na uitunze. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza mali, kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama ni asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha nyumba hupunguza faida hiyo zikiwa na ushahidi. Mabati uliyonunua bila risiti hayatakusaidia mbele ya ofisa wa kodi.

Kuhusu muda, kazi ya paa ifanyike kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi, ili minada ya korosho ikianza Oktoba na pesa ikaingia mikononi mwa watu, nyumba iwe tayari kuonyeshwa. Kama mfuko unaruhusu jambo moja tu na mawingu yameshaanza kukusanyika, nunua misumari ya bati yenye mpira, ubadilishe iliyooza yote. Ya mirathi na hati yanaweza kuendelea hata mvua ikinyesha.