Sapini ya Noeli inakauka kabla ya sikukuu: sukari itasaidia?

SWALI: Mwaka jana nilinunua sapini mbichi barabarani, nikaisimika kwenye ndoo ya mchanga na kuimwagilia kila asubuhi. Tarehe 22 ilikuwa imeshageuka kahawia, ukiigusa tu inapukutika. Jirani ananishauri nitie sukari na aspirini kwenye maji. Ni kweli? Mwaka huu ningependa idumu hadi sikukuu ya Epifania, mwanzoni mwa Januari.
— Mama wa Ibanda, Bukavu

JIBU: Hapana, mama. Sukari na aspirini hazisaidii kitu, maji matupu ya bomba yanatosha. Sapini yako ilikufa kwa kiu, ingawa ulikuwa unaimwagilia.

Mti wa aina hii ukikatwa hutoa utomvu, na utomvu huo ukikauka huziba vimirija vinavyopandisha maji. Saa 6 hadi 8 nje ya maji zinatosha kuuharibu unywaji wake. Sasa ile ya barabarani huenda ilikatwa jana yake, ikafungwa juu ya pikipiki, ikashinda juani. Ulipoichomeka mchangani mdomo wake ulikuwa umeshafungwa. Mchanga nao hunyonya maji na kuyashikilia, wala huwezi kuona yamebaki kiasi gani.

Kwa hiyo ukifika nyumbani, kabla hata ya kuivusha mlangoni, kata tena kitako chake, sentimita 2 au 3. Tumia msumeno, ukate kwa kukingama na shina, si mshazari. Panga husaga nyuzi za mti, na kuchonga ncha kama kigingi ni kosa kubwa zaidi. Kitazame kile kipande kilichodondoka: uso wa zamani unang'aa kwa gundi ya manjano iliyokauka, lakini uso mpya ni mbichi na unanukia. Utie mti majini hapo hapo. Ndoo ikiwa nyembamba, tafuta pana, usibandue gamba la shina, maana mbao za nje ndizo zinazokunywa zaidi.

Badala ya mchanga panga mawe makubwa kuzunguka shina, kisha mimina maji. Siku za mwanzo sapini mbichi yaweza kunywa karibu lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za upana wa shina, kwa hiyo angalia asubuhi na jioni. Maji yakishuka chini ya kitako kwa usiku mzima, itabidi ukate upya. Na kwa Epifania, mimi nisingeisimamisha kabla ya tarehe 18 Desemba.

Kuhusu kuchagua: tunayoiita sapini hapa Bukavu mara nyingi ni sipre, mti wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Majani yake ni vigamba vidogo vilivyolala juu ya kitawi, si sindano. Pitisha kiganja kutoka shinani kuelekea nchani. Vigamba vibichi hubaki mahali pake. Halafu fungua matawi, utazame ndani. Ukiona masizi meusi yanayonata na vidukari vya kahawia vimejipanga kwenye tawi, iache. Mdudu huyo alionekana Malawi mwaka 1986, akasambaa katika nchi nyingi za ukanda huu na kukausha sipre nyingi. Ukikata kwenye ua wako mwenyewe, acha matawi ya kijani chini ya unapokata, kwa sababu sipre haichipui kwenye mti mkavu usio na majani.

Matawi ya sipre ni malaini, huinama. Yafaa nyota za vipande vya kitenge, karatasi, na vitunda vyake vigumu vya mbegu vilivyotungwa kwenye uzi. Pamba ya kuiga theluji naikataa kabisa: inashika moto upesi mno. Umeme ukikatika, mshumaa uwe mbali, na mbabula, yaani jiko la makaa, isikae chumba kimoja na sapini. Taa za LED zinazotumia betri ndizo ninazopendekeza, kwani hazipati joto kali wala hazitikiswi na umeme unaporudi kwa nguvu.

Siku vigamba vitakapobaki kiganjani, hata kama ni tarehe 28, itoe sebuleni. Usiitie jikoni nzima nzima, hulipuka moto ghafla. Ikatekate, uitandaze chini ya migomba.