Kushukuru baada ya usaili wa uuguzi: nimekaa pande zote mbili za meza

Mleta mada, umeuliza kama barua ya shukrani baada ya usaili wa kazi ya uuguzi inasaidia au ni kujikomba tu. Umesema jana ulikaa mbele ya watu watatu, na jina la mmoja wao hukulinasa. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana barua hizo nimezituma, na miaka ya karibuni nimekaa kwenye jopo nikizipokea.

Nianze kwa kukupunguzia matumaini. Barua haibadilishi alama. Kwenye jopo letu kila msaili anajaza fomu yake kabla msailiwa anayefuata hajaitwa ndani, kwa hiyo shukrani zako zikifika jioni, hesabu imeshafungwa. Kama ulivurunda swali la kukokotoa dozi, maneno matamu hayatakuokoa. Zinapofaa ni pale watu wawili wanapolingana, au nafasi nyingine inapofunguka baada ya wiki kadhaa na inchaji wa wodi, yaani muuguzi anayeisimamia, anakuna kichwa: yule wa siku ile, aliyeuliza habari za zamu za usiku, alikuwa nani vile?

Barua yangu ya kwanza iliniumbua. Baada ya maswali inchaji alinitembeza wodini, nikarudi nyumbani nimejaa hisia, nikaandika ukurasa mzima. Katikati nikaweka kwamba nimeguswa sana na yule bibi wa kitanda cha 6 mwenye kidonda cha mguu, na jinsi binti yake alivyokuwa akimlisha taratibu. Nilijiona nina moyo wa huruma kweli kweli. Jibu lilikuja la neno moja: "Tumepokea." Kazi sikupata, na kwa kuwa hawakunieleza sababu, siwezi kuapa kwamba ni ile barua. Ila leo ikinifikia barua ya namna hiyo nitashtuka. Mtu hata sare hajavaa, tayari habari za mgonjwa ziko kwenye barua pepe yake binafsi! Jina sikulitaja, sawa, lakini kitanda, umri, kidonda na binti vikikaa pamoja, aliyepita wodini siku ile anajua anayesemwa ni nani. Wagonjwa uliowaona waache huko huko. Ukitaka kusifia, sifia kazi: ubao wa zamu ulivyopangwa, wauguzi wanavyokabidhiana zamu kando ya kitanda badala ya kwenye korido, muuguzi mgeni anavyopewa mwenzake wa kumwelekeza wiki za mwanzo.

Barua iliyonifaa ilikuwa na mistari saba tu. Kwenye usaili niliulizwa: mgonjwa ana saa nne tangu atoke upasuaji wa tumbo, presha inashuka na mapigo yanapanda, utafanya nini? Nikajibu haraka kwamba nitamwita daktari. Msaili akasubiri. Nami nikasubiri. Tukatazamana, kisha akaenda swali linalofuata. Nilikuwa nashuka ngazi nje ndipo nikakumbuka kila kitu, kama kawaida ya ubongo wangu. Usiku ule niliandika hivi:

"Nashukuru kwa muda mlionipa leo asubuhi. Maelezo yenu kuhusu namna wodi inavyopokea wagonjwa kutoka chumba cha upasuaji yamenifanya niitake zaidi kazi hii. Kwenye swali la mgonjwa ambaye presha inashuka, jibu langu lilikuwa pungufu. Ningeita msaada huku nikibaki naye, niangalie njia ya hewa na upumuaji, kisha bandeji na chupa ya kukusanyia damu, na nipitishe mkono chini ya mgongo wake, kwa sababu damu inaweza kukusanyika pale bila kuonekana juu. Daktari ningempigia nikiwa na vipimo vyote mkononi. Nipo tayari kwa maelezo zaidi mkiyahitaji."

Yule msaili, ambaye baadaye alikuwa bosi wangu, aliniambia alama za lile swali zilibaki vile vile, chini. Alichokipenda ni kwamba niligundua pengo na kulisema bila kuzunguka. Muuguzi anayekiri kwamba amesahau kitu ni afadhali kuliko anayeficha, na wodini hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Lakini tahadhari: rekebisha jibu moja tu. Niliwahi kupokea barua inayosahihisha majibu manne, ikawa kama mtu anaomba kurudia mtihani.

Kuhusu muda, siku ile ile au kesho yake. Njia ni barua pepe. Kadi ya kuandika kwa mkono inapendeza, ila inaweza kufika wakati uamuzi umeshatolewa. Meseji kwenye simu binafsi ya inchaji usithubutu, hata kama namba unayo. Huenda yuko zamu, huenda amelala baada ya zamu. Zawadi ndiyo kabisa usiguse. Mshahara nao hauna nafasi humo, una siku yake.

Kwa kuwa walikuwa watatu, usinakili barua moja ukabadilisha majina. Hawa watu wanakaa ofisi jirani na wanasomeana. Nimeona hilo kwa macho yangu: mwenzangu anasoma kwa sauti, mimi namalizia sentensi kutoka kwenye ya kwangu, tukacheka, na maskini yule dada hakuwa na kosa lolote zaidi ya uvivu. Kila mmoja mwandikie jambo alilokuuliza yeye. Kama huna la kumwambia mmoja mmoja, andika moja kwa afisa utumishi aliyepanga usaili na umwombe aifikishe kwa jopo zima. Hiyo pia ndiyo njia salama pale tangazo la kazi linaposema wasailiwa wasiwasiliane na wasaili. Zipo taasisi zenye sheria hiyo, na ukiivunja kwa adabu bado umeivunja, kwa hiyo lisome tangazo lako tena kabla ya kubonyeza kutuma.

Na ukigundua baada ya usaili kwamba kazi yenyewe huitaki, pengine muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi kupita kiasi, bado andika. Mistari miwili: asante, najiondoa. Itawasaidia kumwita wa pili mapema.

Sasa lile jina ulilolikosa. Usibahatishe, na usiandike "Mheshimiwa Msaili wa Tatu". Piga simu mapokezi ya hospitali asubuhi, sema ulikuwa na usaili jana, uombe jina na cheo cha yule mtu, na wakutajie herufi kwa herufi. Mimi jina langu lina h katikati na kila mwaka nalipokea bila hiyo h. Nasamehe, lakini naona.