Bunduki ya Upepo ya Kaliba Kubwa na Bunduki ya Baruti: Ipi Inafaa Wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Tunduru, na kwa sasa ninaishi nje kidogo ya Houston, Texas. Jirani yangu mwenye shamba amenipa ruhusa ya kuwinda nguruwe pori wanaomfukulia malisho ya ng'ombe. Nilikulia katika nyumba yenye gobore la babu, kwa hiyo bunduki ya baruti si kitu kigeni kwangu. Lakini dukani nimeoneshwa bunduki ya upepo ya kaliba .45, yaani yenye tundu la mtutu la karibu nusu inchi, na muuzaji akaniapia kwamba inaangusha nguruwe mkubwa. Bunduki ya upepo niliyoijua utotoni ilikuwa ya kupigia njiwa. Je, hewa tupu inapata wapi nguvu hiyo? Watu wanaipendea nini wakati bunduki za kawaida zimejaa madukani? Na je, ninaweza kuijaza kwa kompresa ya gereji?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Muuzaji hakukudanganya, lakini amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoibakisha ndiyo itakayoamua kama nguruwe ataanguka pale pale au atakimbilia kichakani na jeraha. Bunduki hiyo inaua nguruwe, inaua hata kulungu, lakini inaua kwa umbali mfupi na kwa namna yake, na mtu anayeinunua akidhani amenunua bunduki ya kawaida isiyopiga kelele huishia kujuta.

Nianze na nguvu. Ile ya kupigia njiwa hufanya kazi kwa springi: unakunja mtutu, springi inabanwa, na ukivuta kifyatulio pistoni inaruka mbele na kubana hewa kidogo iliyo nyuma ya kirisasi. Nguvu inayopatikana hapo ni ya mkono wako mwenyewe, yaani joule 20 hivi (joule ni kipimo cha nishati). Hii ya kaliba kubwa haina springi ya namna hiyo. Ina mtungi uliojazwa hewa kabla hujafika porini, na ukivuta kifyatulio nyundo ndogo hugonga valvu, valvu hufunguka kwa muda mfupi mno, na hewa hutoka kwa kishindo nyuma ya risasi.

Chukua mfano wa Texan, bunduki iliyoanza kuuzwa mwaka 2015 na ambayo hutengenezwa hapa hapa Texas, mjini Fort Worth. Hujazwa hadi bar 200 na ushei (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), wakati gurudumu la gari dogo lina bar 2 na kidogo tu. Sasa angalia kitako cha risasi. Ile inayoitwa .45 kwa kweli ni ya inchi .457, yaani kipenyo cha milimita 11.6, na eneo lake ni kama sentimita moja ya mraba. Kila bar 1 husukuma kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi, kwa hiyo bar 200 zinaisukuma risasi hiyo kama vile magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia yamewekwa juu yake. Kirisasi cha njiwa cha milimita 5.5, kwa hewa hiyo hiyo na mgandamizo huo huo, kingesukumwa kwa kilo zisizofika 50. Hapo ndipo siri ya kaliba kubwa ilipo. Baruti ya .30-06, katriji (ganda lenye baruti na risasi yake) ya kuwindia ya kawaida, hufika mgandamizo wa bar 4,000, na hewa haiwezi kuukaribia; kwa kuwa mtengenezaji hawezi kuongeza mgandamizo kiasi hicho, huongeza upana wa tundu, uzito wa risasi na urefu wa mtutu, ambao katika Texan ni sentimita 86, ili hewa ipate nafasi ndefu ya kusukuma.

Matokeo yake ni risasi ya gramu 20 na zaidi inayotoka kwa mita 245 hivi kwa sekunde, ikibeba joule zinazokaribia 700. Weka namba hiyo kati ya wenzake ndipo utaielewa. Kirisasi cha bunduki ya baruti ya .22 kina joule 190 hivi, katriji ya .30-30 ambayo wawindaji wengi wa hapa walirithi kutoka kwa baba zao ina 2,500, na .30-06 ina 3,800. Kwa hiyo hewa inaizidi .22 kwa mbali, na inaachwa mbali na bunduki ya kuwindia ya kawaida.

Lakini usihukumu kwa joule peke yake. Risasi ya .30-06 huua kwa kasi: hupasuka ikiingia, na mwili unaoizunguka hutanuka na kuraruka kwa ghafla. Risasi ya upepo haina kasi ya kufanya hivyo. Ni kipande kizito cha risasi laini (na tazama jinsi Kiswahili kilivyoipatia: madini yenyewe na kinachotoka mtutuni ni neno moja) kinachotoboa tundu pana na kupita kwenda upande wa pili, na mnyama hufa kwa kuvuja damu, kama aliyepigwa mshale. Ukizidisha uzito wake kwa kasi yake, unapata karibu theluthi mbili ya .30-06, na ndiyo maana inapenya kuliko mtu anavyotarajia akiangalia joule. Mwindaji aliyezoea upinde huelewa bunduki hii upesi. Mwindaji aliyezoea bunduki ya kasi kubwa, ambaye hupiga popote begani na kungoja, huchukua muda mrefu kuizoea, na wanyama ndio wanaolipia mafunzo yake. Nguruwe dume aliyekomaa ana ngao ya gegedu ngumu mabegani, na moyo wake umekaa chini na mbele kuliko wa ng'ombe au mbuzi uliyezoea kuchinja. Piga chini, nyuma tu ya kiwiko, akiwa amesimama ubavu.

Umbali ndio unaowaangusha wengi. Risasi ya mwendo huu, ikienda mita 100, hushuka sentimita 80 na zaidi kutoka mstari wa mtutu, wakati ile ya .30-06 hushuka kama 7. Ukiirekebisha darubini yako ipige katikati kwa mita 50, basi kwa mita 100 risasi itapiga karibu sentimita 40 chini ya ulipolenga, yaani utamlenga nguruwe moyoni na kupiga udongo au, vibaya zaidi, mguu. Hata kosa dogo la kukadiria, ukadhani ni mita 50 kumbe ni 65, linakuondolea sentimita 7 hivi. Kwa hiyo kipimio cha umbali kinachotumia leza si pambo kwa bunduki hii. Ninamwambia kila mteja wangu kwamba kama fedha zinatosha kimoja tu kati ya darubini ya gharama na kipimio cha kawaida, anunue kipimio, na atumie darubini ya bei nafuu.

Sasa, kwa nini watu wanaipenda licha ya haya yote? Mimi nimefanya ufundi wa bunduki za aina zote mbili kwa miaka mingi, na ninachokisikia kwanza kwenye meza yangu ni kelele. Mashamba yanayozunguka miji ya Texas yamegawanywa na kujengwa nyumba, na nguruwe hawajui mpaka wa mtaa. Bunduki ya baruti hupiga kelele mbili: mlipuko wa mtutuni, na mpasuko wa risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, ambao hakuna kiwambo (kifaa cha mtutuni cha kupunguza sauti) kinachouzuia. Risasi ya upepo huenda chini ya kasi ya sauti, mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo huo mpasuko haupo kabisa, na hewa ikitokea kwenye kiwambo kilichojengwa mtutuni, kinachobaki ni mkoromo mzito ambao jirani wa mita mia tatu haamki kwa ajili yake. Isiyo na kiwambo, hata hivyo, ina kishindo kikubwa, ziba masikio. Na kiwambo hicho kisihamishiwe kwenye bunduki ya baruti kamwe, kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 inavidhibiti viwambo vya bunduki za baruti, na kosa lake si dogo.

La pili ni bega. Hii husukuma taratibu, na mtu mwembamba, mzee, au aliyefanyiwa upasuaji wa bega hupiga kutwa bila kuumia. La tatu ni risasi zenyewe. Mwaka 2020 na 2021 katriji ziliadimika Marekani kiasi kwamba rafu za maduka zilibaki tupu kwa miezi, na aliyekuwa na bunduki ya upepo hakuguswa, kwa maana yeye hahitaji ganda, baruti wala fataki; ana kalibu, jiko la kuyeyushia na kipande cha risasi, anajitengenezea barazani siku ya Jumamosi. Nimewaona watu wazima wakizipanga risasi zao walizozitengeneza wenyewe, zimekaa safu safu kwenye kitambaa, zinang'aa kama fedha, na wanakuonesha kwa fahari ya mtu anayeonesha mavuno. Ufundi huo una raha yake, nami siwalaumu. Yeyushia nje, penye upepo, na unawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya udhibiti wa bunduki ya mwaka 1968 inaitambua bunduki kuwa ni chombo kinachorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko, hivyo ya upepo haimo, na katika majimbo mengi hununuliwa hata kwa posta. Majimbo mengine hayakubali: New Jersey huihesabu kuwa bunduki kamili, na Illinois pia huihesabu hivyo hii ya kaliba kubwa. Kwako Texas, mamlaka ya wanyamapori iliruhusu mwaka 2018 kuwinda kulungu kwa bunduki ya upepo yenye mtungi wa hewa, kwa sharti la kaliba isiyopungua .30 na risasi isiyopungua gramu 9.7 inayotoka kwa mita 244 kwa sekunde, au mchanganyiko wowote wa uzito na kasi unaotoa joule 291. Nguruwe pori hawamo katika wanyama wa sharti hilo, na tangu Septemba 2019 mwenye ruhusa ya mwenye ardhi huwawinda kwenye ardhi binafsi bila leseni. Bado ningekushauri ulichukue sharti la kulungu kuwa kiwango chako cha chini. Chukua ruhusa ya jirani kwa maandishi, na usome kanuni za mwaka huu kabla hujatoka, kwa sababu hubadilishwa.

Kutokuitwa bunduki na sheria kusikufanye uishike kama kitu cha kuchezea. Bunduki ya upepo ya kaliba kubwa si uvumbuzi wa juzi. Girardoni, fundi wa Tirol, aliunda yake mnamo mwaka 1780, jeshi la Austria likaitumia vitani, na Mmarekani Meriwether Lewis akachukua moja ya aina ya upepo kwenye safari yake ya kuvuka Amerika pamoja na mwenzake William Clark. Siku ya kwanza kabisa ya safari, Agosti 1803, karibu na Pittsburgh, aliionesha kwa watu waliokuwa kisiwani. Mmoja wao akaishika bila kuijua, ikafyatuka, na risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyekuwa kama mita 37 mbali na kumchana panja. Alianguka, damu ikamtoka kwa wingi, na kila mtu aliamini amekufa mpaka alipozinduka. Risasi yako ikikosa nguruwe inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Hakikisha nyuma ya mnyama pana udongo.

Nimalizie na kompresa. Ya gereji haitafaa, kwa kuwa hutoa bar 8 au 10 tu. Utahitaji kompresa maalumu ya mgandamizo mkubwa, au mtungi wa nyuzi za kaboni unaojazwa kwenye maduka ya wazamiaji. Pampu ya mkono ipo, lakini bunduki ya .45 hula hewa nyingi mno, hutoa milio mitatu au minne yenye nguvu kamili kisha inataka kujazwa, na utapampu mpaka uchoke kabla ya kuwinda. Jaza polepole, maana hewa ikibanwa haraka hupata joto, na geji itakudanganya mpaka mtungi upoe. Usijaze oksijeni kwa hali yoyote. Na usitie mafuta ya injini wala ya cherehani kwenye valvu. Mteja mmoja aliniletea bunduki iliyokuwa inavuja, nikaifungua nikakuta oringi (pete za mpira za kuzuia hewa isivuje) zimekuwa nyeusi na kukakamaa, harufu ya moshi imejaa ndani ya mtungi, kwa kuwa matone machache ya mafuta yaliwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Alikuwa na bahati kwamba ziliungua oringi tu. Tumia grisi ya silikoni, kidogo.

Kwa shamba la jirani yako, ikiwa nguruwe wanakuja usiku kwenye chambo na wewe umekaa mita 40 au 50, bunduki hii ninaikubali bila wasiwasi. Ikiwa ni malisho ya wazi ambako utawaona kwa mita 150, nunua ya .30-30 au kubwa zaidi. Kabla hujaamua, muombe mwenye duka au rafiki akuazime moja, weka sahani ya karatasi ya sentimita 15, na urudi nyuma mita tano tano ukipiga risasi tano kila mahali, ukiwa umekaa kama utakavyokaa porini. Mahali pa mwisho ambapo zote tano ziliingia kwenye sahani ndipo mwisho wa umbali wako, hata kama ni mita 45, na nguruwe aliye mbali zaidi ya hapo mwache apite.