Kisu cha kuchongea: usilaumu chuma kabla ya grenda

Chuma kipi ni bora kwa kisu cha kuchongea? (Dodoma mjini)
Swali hili halikauki, na hakuna anayesema anachonga nini. Mninga si mpingo. Rudi na swali kamili.

Nondo je?
Mara nyingi haishiki ugumu. Iache kwenye zege.

Nina springi ya gari na tupa kuukuu. Nimpelekee mhunzi ipi? (Kondoa)
Zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Springi ina kaboni kama asilimia 0.6, inavumilia kipigo: itoe tezo, ila ikague kwanza, springi iliyochoka huficha nyufa. Tupa nzuri hufika asilimia 1 au zaidi na hushika makali, hiyo ndiyo ya kisu. Ila ugumu wake wa dukani ni wa kioo. Ukiipinda kidogo ndani ya kijiko unachochonga, inakatika. Mhunzi akishaifua na kuizimisha ikiwa ya moto kwenye mafuta, aipashe tena taratibu mpaka pale palipong'arishwa pawe na rangi ya majani makavu, kama nyuzi 220. Na zipo tupa za bei chee zenye ugumu wa ganda tu. Ukipita ganda umebaki na bati.

Nilinoa kwa grenda, makali yakawa ya buluu. Sasa hayakai. Niagize kisu cha Ulaya? (Chamwino)
Agiza ndoo ya maji. Buluu maana yake ncha ilikaribia nyuzi 300, ugumu umetoka. Hata hicho cha Ulaya grenda itakiua asubuhi hiyohiyo. Mimi niliua patasi ya babu hivyo hivyo, kwa haraka ya kumaliza kigoda. Sugua kwa kinoo, kwa mkono, mpaka upite sehemu iliyobadilika. Grenda ni ya kutoa umbo, na kidole kikishindwa kuvumilia joto, chovya.

Mbona huipendi steinlesi? Haishiki kutu. (Mpwapwa)
Kutu gani, kwa ukame huu wetu? Steinlesi ya jikoni ni laini, na ile ngumu ya bei kubwa ina chembe ngumu za kromi na kaboni zinazokisumbua kinoo cha kawaida. Chukua ya kaboni, ifute, paka mafuta ya cherehani. Si ya alizeti, hunata.

Makali yanameguka kwenye mpingo.
Umeyafanya membamba mno. Yanenepeshe kidogo. Na huo mpingo, kibali unacho?